Yai kwa Binti, Mbuzi kwa Mgeni

Kwa miaka mitatu baba yangu alikipa yai moja kila kitabu nilichomsimulia. Si yai la kula, ni alama. Katika kikundi chetu cha wasomaji kule Mwika yai ndiyo alama ya chini kabisa, na sitajifanya mtu mzima hapa niseme halikuniuma. Liliniuma sana. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mtunza maktaba wa shule ya sekondari mjini Moshi, mtu ambaye hata walimu hunong'ona wakiingia maktabani kwake, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi nilipanda mlima kwenda kupewa yai mbele ya watu.

Inabidi nieleze hizo alama, maana asiye wa huku hawezi kuzijua. Kwenye sharika zetu za mlimani watu hawatawanyiki upesi baada ya ibada ya Jumapili. Kila aliyevuna kitu anakuwa amekileta sadaka: mayai kwenye kikapu, maziwa kwenye kidumu, jogoo aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi mshare, na mara mojamoja mbuzi anayelia kuishinda kwaya. Vyote vinanadiwa pale nje. Mnadishaji anainua kitu juu, anafungua bei, na watu wanapandisha mpaka mmoja anaondoka nacho. Baba yangu alikuwa mnadishaji wa usharika wetu tangu mimi sijaanza shule hadi macho yake yalipoingia ukungu. Watu walisema angeweza kuuza kivuli cha mgomba na mnunuzi akashukuru.

Mama alipofariki na macho ya baba yalipokataa hata Biblia ya herufi kubwa, nilianzisha kikundi sebuleni kwake. Nilitaka apate watu, apate na habari za vitabu asivyoweza tena kuvisoma. Tulikuwa wachache: mwalimu mstaafu wa jirani, mama mmoja anayefanya biashara mpakani Holili, kijana anayeongoza wageni mlimani ambaye ndiye katibu wetu, baba na mimi. Kila mmoja anasimulia kitabu alichokimaliza, kisha tunakipa alama. Mwanzoni mwalimu alitaka tutoe alama za moja hadi kumi, kama mitihani. Tukagombana siku ya kwanza tu, kwa sababu saba ya mwalimu ilikuwa nne ya mama wa Holili, na hakuna aliyejua saba ni kitu gani hasa. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akasema, "Semeni kama mnadani. Yai kila mtu analijua."

Ikawa hivyo. Yai, lita ya maziwa, kuku, mkungu wa ndizi, mbuzi. Fedha tukaiacha kanisani, tukabaki na vitu. Baba anafungua bei, sisi tunapandisha, na kijana anaandika kwenye daftari. Hakuna anayetoa wala kupokea chochote, lakini nakwambia, siku kitabu chako kikifika mkungu wa ndizi unashuka mlima umenyoosha shingo.

Kwa wenzangu baba alifungua kwa heshima. Kitabu cha mwalimu kilianzia maziwa, siku nyingine kuku. Mama wa Holili alianzia kuku karibu kila mara, hata siku alipoleta kitabu cha mapishi. Ikifika zamu yangu mimi, binti yake wa kumzaa, baba anasikiliza mpaka mwisho, anajifuta midomo kwa kitambaa, anasema, "Yai."

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu nikatunzwa yai, na nilijua kucheza. Nilijiandaa wiki nzima. Nilisoma kitabu mara mbili, nikaandika vidokezo kwenye kadi, nikaeleza dhamira na wahusika bila kusahau mtu. Wengine wakisema kitu baada ya baba sikuwasikia vizuri. Masikio yangu yalikuwa yameshabaki kwenye lile yai.

Nilivumilia, nikajiambia ndivyo alivyo. Ni mtu ambaye siku nilipofaulu darasa la saba aliniambia ng'ombe hajakatiwa majani. Nadhani ningeendelea kuvumilia kama asingekuja yule mgeni.

Alikuwa muuguzi, ndiyo kwanza amehamishiwa kwenye zahanati ya kijiji. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Si wa huku. Wazazi wake walitoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, na baba yake alikata miwa mpaka mgongo ukagoma, kisha akafa. Mama alimfuata. Haya yote aliyasema kwa sentensi mbili siku ya kwanza, alipoulizwa kwao ni wapi, kisha akanywa chai. Mwalimu ndiye aliyemleta, baada ya kumkuta anasoma riwaya nyuma ya dirisha la dawa.

"Shikamoo, baba," alimsalimu mzee, amepiga goti kidogo.

"Marahaba. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba akasema. Kuanzia hapo akawa anamwita Mgeni, kama vile ndilo jina alilobatizwa.

Siku hiyo alisimulia riwaya ya fundi saa aliyekataa kutengeneza saa ya kaka yake. Hakuwa na kadi. Hakusema dhamira. Alianza na kijiko kilichokuwa kikitetemeka kwenye kikombe cha yule kaka, na sote tukakitazama kikombe cha mwalimu. Aliposema fundi amezima taa ya karakana, baba alisogea mbele kwenye kiti na kumwinamishia sikio. Sijawahi kumwona baba akinisogelea hivyo. Alipomaliza tulisikia ng'ombe akicheua bandani.

"Mbuzi," baba akasema.

Hakufungua kwa kuku wala kwa mkungu. Alifungua kwa mbuzi, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia yeyote tangu kikundi kianze. Mama wa Holili akapiga kigelegele. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga pia, maana mikono ya mtu haina budi kufanya kitu. Nikaenda jikoni kuongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Niliona wivu. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuuita majina mengine. Kwa miezi kadhaa niliuita uchovu, presha, mara baridi ya mlimani. Ulikuwa wivu, tena wa kitoto, wa kutaka kumsukuma mwenzio aanguke kwenye tope akiwa amevaa nguo ya Krismasi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ilifika na jembe hakupewa. Alipewa mbuzi, na mwezi uliofuata mbuzi mwingine. Akija mapema, namkuta ameketi karibu na baba anamsomea gazeti. Baba alianza kuniuliza kwenye simu, kabla hata ya kuuliza hali ya wajukuu zake, "Mgeni anasoma nini sasa?" Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki ya macho. Mimi ndiye niliyemkata kucha. Na mtori aliopenda, ule wa ndizi zilizopondwa mpaka hazina uvimbe, ni mimi niliyeupika. Lakini habari za vitabu alizitaka kwa mwingine.

Ndipo nikaanza kutenda mambo ambayo mtunza maktaba hatakiwi kuyatenda.

La kwanza lilikuwa la kuchekesha, ukilitazama kutoka mbali. Mgeni aliniomba nimwazime kitabu chochote kutoka mjini, maana vya kwake vya mtumba vilikuwa vimeisha. Nilitafuta kwenye kabati la nyuma kabisa nikapata kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, cha zamani, jalada la kijani, kimejaa michoro ya viwele na majedwali ya lishe. Nikamwambia hiki ni kizuri sana. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, dada. Nitakitunza."

Nilipanda mlima mwezi ule nikiwa na furaha ambayo sina haki nayo. Nilijiambia tumwone leo atamtoa wapi mbuzi kwenye jedwali la pumba na mashudu.

Alianza na ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa kwa sababu mkamuaji wake amebadilishwa. Alisema kitabu kinaeleza kwamba ng'ombe anamjua mtu kwa mikono, na mikono migeni humfanya ayabane maziwa. Akamgeukia baba na kumuuliza kama wa kwake ana tabia hiyo. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akaeleza jinsi ng'ombe wetu alivyombania jirani maziwa wiki nzima baada ya mama kufariki, mpaka yeye mwenyewe, na macho yale yale mabovu, akajifunza kukamua. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Sauti ilimkauka alipofika katikati, na Mgeni akamalizia kurasa zilizobaki polepole, kana kwamba anamngoja amfikie.

"Mbuzi," baba akasema. "Na ndama juu yake!"

Kitabu kile kimekaa kwangu miaka yote hiyo, na sikuwahi kukifungua hata siku moja. Usiku ule nililala kwa kuuma meno.

La pili halichekeshi. Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, nilimwandikia Mgeni ujumbe. Sikuuweka kwenye kundi letu la wasapu, nilimtumia yeye peke yake: "Jumamosi hii hatukutani. Mzee amechoka. Nitakujulisha."

Akajibu palepale. "Pole kwa mzee. Nipite nimpime presha?"

Nikaandika, "Hapana, asante. Anahitaji kupumzika tu."

Mzee hakuwa amechoka hata kidogo. Jumamosi nilimkuta amevaa koti lake la kanisani, amemwagiza kijana afagie uwanja, na kiti cha ziada kimewekwa karibu na cha kwake. Tulipokaa akageuza uso kila mlango ulipolia.

"Mgeni yuko wapi?"

"Labda yuko zamu," nikasema. Mdomo wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Nilikuwa nimejiandaa kupita siku zote. Riwaya niliyoichagua ilikuwa ya mama na binti wanaolima shamba moja bila kusemeshana, na nilikuwa nimeipenda kwa dhati. Kadi niliziacha mjini. Nilianza na chungu cha maharage kilichoachwa jikoni, kwa makusudi, kama yeye alivyoanza na kijiko. Nilishusha sauti kama yake. Nilinyamaza pale ambapo yeye angenyamaza. Nilimwona mwalimu ameacha kutafuna. Nikajua leo ni siku yangu, na hakuna mwingine pale wa kuninyang'anya.

Baba akajifuta midomo kwa kitambaa. "Yai."

Kitu kikanikatika. "Baba, hapana!" nikasema, na tayari nilikuwa nimesimama. "Miaka mitatu! Yai, yai, yai! Mtu wa kuja, hata mwaka hajamaliza, kila siku mbuzi. Mimi ninayekupeleka hospitali, mimi ninayekufulia, yai! Kwani nimekukosea nini?"

Mama wa Holili akainamia kikombe chake. Kijana akaacha kalamu juu ya daftari. Baba alielekeza uso wake upande inapotoka sauti yangu, macho yamejaa ule ukungu, na alionekana kushangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha.

"Kwani kuna siku kimebaki yai?" akauliza.

Nikadhani ananikejeli. Nikaenda jikoni kuosha vyombo kwa kelele, pamoja na vile vilivyokuwa safi. Nyuma yangu nilisikia mwalimu akisema jambo kwa sauti ya woga, na mama wa Holili akisema jambo jingine, kisha kalamu ikiandika. Sikujali. Nilishuka Moshi kabla ya jua kuzama, bila kuaga vizuri.

Jumanne iliyofuata Mgeni aliingia maktabani kwangu. Alikuwa amevaa sare ya kazi na ameshika kile kitabu cha ng'ombe, amekifunika jalada la karatasi ya kaki. Wanafunzi wawili walikuwa kwenye meza ya mbele, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya chini zaidi ya kawaida yake.

"Shikamoo, dada. Nimerudisha kitabu."

"Marahaba." Mikono yangu ilitafuta mhuri usiohitajika.

"Mzee alinipigia Jumapili," akasema. "Akaniuliza zamu ya Jumamosi ilikuwaje."

Nikagonga mhuri kwenye karatasi tupu. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ilikuwa ngumu kidogo."

Nilitaka kusema samahani na nikasema, "Mtandao ulikuwa unasumbua."

"Unasumbuaga kweli siku hizi," akajibu, akavuta kiti akakaa. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo, maana ningekuwa na kitu cha kupigana nacho.

"Dada, mwalimu ameniambia yaliyotokea. Nikaona nije. Mimi nilishamuuliza mzee hilo jambo zamani, ule mwezi wa pili tangu nije. Nilimwuliza, 'Baba, mbona dada anasoma vizuri hivi na wewe unampa yai?' Nilidhani mmegombana."

Nikamtazama. Kumbe wakati mimi namtafutia kitabu cha kumwangusha, yeye alikuwa ananitetea.

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema alipokuwa mnadishaji, kitu chochote kilichotoka nyumbani kwake alikifungua chini kabisa. Awe jogoo mkubwa namna gani, anamfungulia bei ya yai. Kwa sababu akikifungua juu, watu watasema mnadishaji anajiuzia. Tena mwenye kitu hatajua kama watu wamekipenda au wamemwonea haya mzee. Alisema, 'Cha kwangu nakiweka chini, watu wakiinue wenyewe.'" Akatabasamu kidogo. "Aliniambia mama yako hakujua hilo, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alipeleka jogoo wake kanisani, akasikia mume wake mwenyewe anamfungulia jogoo huyo bei ya yai mbele ya usharika mzima. Hakumsemesha wiki nzima. Alimpa mtori wa baridi."

Nilimwona mama yangu akilini, jinsi alivyokuwa akikasirika kwa kumpa mtu mgongo. Hata hiyo habari ya mama nilikuwa naipokea kutoka kwake.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Mbona wewe mbuzi?"

"Mimi ni mgeni, dada. Mgeni si ndiye anayechinjiwa mbuzi?" Alilainisha ile karatasi ya kaki kwa kidole gumba. "Lakini juu ya mbuzi nani atapanda? Mzee akishasema mbuzi, watu wanapiga makofi, tunakunywa chai, imeisha. Sijawahi hata siku moja kusikia mwalimu anasema naongeza maziwa, au mama anasema mimi kuku. Mimi sijui kama kuna mtu pale alishawahi kunipenda."

Akainuka, akaniaga, akaenda kuwahi gari la Himo.

Nilimwandikia kijana anipigie picha kurasa za daftari. Alituma jioni. Nilikaa na miwani yangu nikasoma mstari wangu mwezi kwa mwezi, miaka yote mitatu. Yai, maziwa, kuku. Yai, maziwa, kuku, mkungu. Yai, kuku, mkungu. Kila mwezi kulikuwa na mkono wa mtu aliyeniinua, na pembeni kijana alikuwa ameandika ni nani. Hata ile Jumamosi niliyokuwa jikoni nagonganisha sahani, mwalimu alikuwa ameongeza maziwa, mama wa Holili kuku, na kijana mwenyewe mkungu. Kwenye mstari wa Mgeni kulikuwa na neno moja tu kila mwezi, na pembeni hapakuwa na jina la mtu.

Nililia, halafu nikafurahi. Ningependa kusema nilifurahi kwa sababu nimeelewa kwamba napendwa. Ukweli ni kwamba nilifurahi zaidi kwa sababu yai lilikuwa langu peke yangu. Mwalimu hakuwa nalo. Mama wa Holili hakuwa nalo. Mgeni na mbuzi wake wote hakuwa nalo. Kwa siku chache nilitembea Moshi nzima na furaha hiyo, na nilipomwandikia Mgeni kumkumbusha siku ya kukutana niliweka hadi maua mawili ya kwenye simu.

Jumamosi ilipofika mlima ulikuwa wazi, kahawa ya baba imeanikwa kwenye vichanja, na chumba kikanukia maziwa yanayochemka. Nilimsalimia mzee nikamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema chochote kuhusu siku ile, na mimi sikusema. Kwetu mambo kama hayo huyeyuka kwenye chai. Mgeni alifika akaketi kwenye kile kiti cha ziada. Nilimkaribisha mwenyewe na kummiminia kikombe.

Nilianza mimi. Nilisimulia kwa kadi zangu, kwa namna yangu, na sikujali.

"Yai," baba akasema, na safari hii nililisikia lilivyotamkwa. Alilisema polepole na kidevu kimeinuka kidogo, na baada ya kulisema alitega sikio kuwasikiliza wengine. Miaka mitatu sikuwahi kumtazama usoni baada ya lile neno.

"Maziwa," mwalimu akasema.

"Kuku."

"Mkungu!" kijana akasema.

Kila waliponiinua baba alitikisa kichwa, akacheka bila sauti. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekula akashiba.

Kisha ikawa zamu ya Mgeni. Alikuwa amesoma kitabu kidogo cha hadithi fupi, na alichagua moja, ya mzee anayepanda kahawa akijua hataivuna. Aliisimulia vizuri. Namna gani nyingine? Alipofika mwisho mwalimu alikuwa tayari ameweka kikombe chini, mikono iko tayari kwa makofi ya mbuzi.

Baba alijifuta midomo kwa kitambaa, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye kile kiti cha ziada mpaka ukagusa bega la yule mwanamke.

"Mwanangu," akasema. Kwa mara ya kwanza hakumwita Mgeni. Akainua kidevu.

"Yai."

Mama wa Holili alishtuka. Mwalimu alikunja uso, akidhani mzee amechanganya. Mgeni alielewa. Aliweka mkono mdomoni na macho yakajaa palepale, kisha akageuka kututazama sote, mmoja mmoja, akingoja. Nilijua anangoja nini, kwa kuwa aliniambia mwenyewe maktabani. Alingoja maziwa. Alingoja mtu aseme kuku. Nilimwona mwalimu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutabasamu, anavuta pumzi.

Na wivu ukanipanda kutoka tumboni, mkubwa kuliko ule wote wa mbuzi.

"Mbuzi!" nikapaza sauti.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mama wa Holili akapiga kigelegele, kijana akaandika, na mwalimu akaimeza pumzi yake akaanza kupiga makofi. "Dada ana moyo," mtu akasema. "Ruwa, Mungu wangu! Ana moyo kweli." Juu ya mbuzi hakuna wa kupanda, kwa hiyo watu wakainuka kuchukua chai. Mgeni akashusha mkono kutoka mdomoni. Alinitazama kwa muda mfupi, si kwa ubaya.

"Asante, dada," akasema.

Baba hakuwa amepiga makofi. Bado alikuwa ametega sikio, akingoja wale wengine, na mkono wake ulikuwa haujatoka begani kwa yule binti.

"Haraka ya nini, mwanangu?" akaniuliza.